Valvu Iliyotolewa Ikiwa Nzima

Aliyeniletea ile redio ni mwanamke wa rika langu anayeuza parachichi na plamu hapa Nunguni siku za soko. Nilimjua kwa sura na salamu tu. Alikuja ameifunga mgongoni kwa leso, jinsi mtu abebavyo mtoto, akaishusha mezani kwangu polepole na kusema ametumwa na mama yake. Walikuwa wanamhamisha mama kutoka nyumba yake ya zamani huko Kilungu, aingie katika nyumba ya mawe waliyomjengea chini kidogo ya ile. Mama alikuwa amekubali kuacha kila kitu, hata kitanda chake, ila redio. Tena alikuwa ametoa sharti: ifunguliwe na binti wa yule fundi, asiiguse mtu mwingine.

Yule fundi alikuwa baba yangu. Alinifundisha kazi hii tangu nikiwa msichana, akaniachia duka, mita yake ya kupimia umeme na bisibisi zake, kisha akafa. Sikushangaa kwamba mtu bado anamkumbuka. Milima hii yote ilikuwa ikimpelekea redio zake.

Siku hizi kazi yangu kubwa ni televisheni bapa na spika za makanisa. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na kazi nyingine ndogo pembeni. Kuna watu wa Nairobi wanaotaka redio na televisheni za zamani za kasha la mbao, wengine kwa kupamba hoteli zao, wengine kwa sababu zilikuwa za wazazi wao na wanataka zitoe sauti tena. Kuzitengeneza si shida. Shida ni valvu, vile vichupa vya kioo visivyo na hewa ndani vilivyofanya kazi kabla ya transista kuja. Nyingi hazitengenezwi tena popote. Zilizobaki ni zile ambazo hazikuuzwa wakati ule, ziko katika stoo za wenye maduka waliokufa na katika masanduku ya mafundi wazee. Ndiyo maana nimejikuta nahudhuria mazishi mengi. Mimi huenda nyumbani kwa fundi mwenzangu aliyetutoka, nikakaa na wafiwa, nikala chakula chao, nikangoja wiki mbili au tatu, kisha nikarudi kuuliza kwa upole kama kuna kisanduku. Ni jambo la haya. Valvu zangu nyingi zimetoka kwa marehemu, na ninapozichomeka na kuziona zikianza kuwaka taratibu, huwa siwezi kusahau hilo.

Redio ya yule mama ilikuwa ya miaka ile ya kwanza ya uhuru. Ilikuwa ya betri, kwa sababu umeme haukuwa umefika huku: betri moja kubwa kama tofali na nyingine ndogo. Kasha lake lilikuwa limepakwa nta mara nyingi hata likang'aa. Mtu alikuwa ameifuta vumbi kwa zaidi ya miaka hamsini bila kuisikia.

Nilipotoa kifuniko cha nyuma nilitarajia kinyesi cha panya na viota vya mende. Mlikuwa safi. Valvu zilikuwa tatu. Mahali pa nne palikuwa patupu, pana matundu saba madogo yaliyopangwa mviringo. Palikuwa pa valvu ya mwisho, ile inayoisukuma sauti kwenye spika. Bila hiyo redio yaweza kushika stesheni zote na isikutolee hata mnong'ono.

Valvu haianguki yenyewe. Hushikwa kichwani ikayumbishwa kidogo, ikavutwa wima, na ukiwa huna mkono wa kazi unapinda pini zake za chini au unapasua kioo. Hapa hapakuwa na chembe ya kioo wala alama ya bisibisi. Aliyeitoa alijua anachofanya.

Nilifikiri baba aliichukua kama kielelezo, aende nayo kutafutia nyingine, kisha mambo yakamsonga. Hutokea. Hata hivyo siku zile redio ilipokuwa mezani kwangu nilikuwa na hali nisiyoipenda. Nilijikuta napunguza sauti ninapoongea na wateja, kana kwamba kuna mtu chumbani anayesikiliza bila kuchangia. Jioni moja niliigeuza uso ukutani, kisha nikaona aibu, nikaigeuza tena.

Nikapanda Kilungu kumwuliza mwenyewe. Nilimkuta nje ya nyumba ya zamani akipukuchua mbaazi, amevaa sweta mbili. Masikio yake ni mazuri kuliko yangu. Alinitazama muda mrefu kabla ya kunipa mkono, akasema nina paji la baba yangu.

"Mwaitu," nikamwambia, ndivyo sisi Wakamba tumwitavyo mama, "kuna kitu kimoja hakimo ndani. Aliyeifungua mara ya mwisho ni nani?"

"Ni baba yako."

"Ilikuwa imeharibika?"

Alitupa ganda la mbaazi kando. "Ilikuwa inaongea alipoifungua. Alipoifunga ilikuwa imenyamaza."

Alinisimulia bila haraka. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kabla ya ibada. Baba yangu alikuja akiandamana na shemeji wa mama huyu, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye alikuwa mzee wa kanisa. Walisema wamekuja kukagua betri zisije zikavuja. Yeye alikuwa na mimba kubwa ya huyu binti yake. Aliingia jikoni kuwapikia chai, na alipotoka walikuwa wameshasimama. Baba yangu alisema kuna kitu kimekufa ndani, ataleta kingine. Hakuinywa ile chai, na hakurudi tena.

Mumewe wakati huo alikuwa mbali, katika kazi ya kutengeneza barabara kuu ya Mombasa. Alikuja nyumbani kila baada ya miezi michache, na ndiye aliyenunua redio ili mkewe asikae nyumba isiyo na sauti. Baada ya Jumapili ile naye hakuja tena.

"Walinyamaza pamoja," akasema.

Watu walimwambia mumewe alikuwa na mke mwingine huko chini. Lilikuwa kweli, naye alilijua. Alingoja mwaka, wa pili, kisha akaacha kungoja. Alizichoma nguo za mume huyo nyuma ya nyumba pamoja na picha yake moja aliyokuwa nayo. Binti alipokuwa mkubwa wa kuuliza, alimwambia baba yake ni mtu aliyewaacha, basi. Na kila alipochoka na jembe, alimtukana kwa sauti, shambani, miaka mingi.

Nilipoaga nilimwambia nitamtafutia valvu ya aina ile. Akanishika mkono.

"Usinitafutie ya aina ile. Nitafutie ile ile iliyotoka."

Nililichukua kama neno la uzee. Kuagiza ng'ambo kungechukua wiki nyingi, kwa hiyo nilianza na watu wangu. Niliwapigia mafundi Machakos na Emali. Nilishuka Wote kwa mjane mmoja, akanifungulia sanduku la mumewe lililojaa valvu za televisheni, kubwa kubwa, ila ndogo za betri hazikuwemo. Ndipo nikakumbuka kwamba baba alijifunzia kazi Kitui, katika duka la Mhindi mmoja, pamoja na kijana mwenzake aliyebaki huko maisha yake yote. Kama aliichukua ile valvu kwa kutafutia nyingine, angeenda kwa huyo.

Yule mzee yuko hai bado. Ni Mwislamu, watu wake walifika Kitui na biashara kabla ya babu zake kuzaliwa, na Kiswahili chake kina adabu ya pwani ambayo sisi wa milimani hatuna. Duka limekuwa la vyombo na sare za shule, linaendeshwa na mjukuu wake. Yeye hukaa chumba cha nyuma na kofia yake, miguu juu ya stuli. Nilijitambulisha. Nilipotaja aina ya valvu, na kwamba ni ya redio ya Kilungu, alimwita mjukuu amshushie bati la biskuti lililokuwa juu ya kabati.

Ndani mlikuwa na kitu kimoja, kimefungwa katika karatasi ya daftari na kukazwa kwa uzi. Mwandiko ulikuwa wa baba yangu. Ningeutambua hata gizani. Iliandikwa: *Nzima. Ya Kilungu. Usiuze.*

"Nilidhani atakuja yeye," yule mzee akasema. "Kila mwaka nilidhani mwaka huu atakuja."

Kisha akanieleza. Mume wa yule mama alikufa kazini, lori lilimwangukia. Mke wa pili, aliyekuwa akiishi naye karibu na Kambu, alifanya lililompasa: alipeleka tangazo la kifo redioni. Lilisomwa Jumamosi jioni, na lingesomwa tena Jumapili, asubuhi na jioni. Kule mlimani redio zilikuwa mbili, ya chifu na ya yule mama. Jumamosi ile jioni yake haikuwa imewashwa, kwa vile alikuwa anabana betri. Shemeji alilisikia kwa chifu. Akamwendea baba yangu, akamwomba ainyamazishe ile redio siku chache tu. Shemeji hakuwa na nia mbaya. Mwanamke alishapoteza mimba mbili kabla ya hiyo, na waliogopa habari ile ingeharibu na ya tatu. Wangemwambia akishajifungua.

Akajifungua. Wakasema mtoto apate nguvu kwanza. Wakasema mvua ipite. Mume alikuwa ameshazikwa huko huko na watu wa mke wa pili. Kisha shemeji akaugua, akafa katika msimu mmoja, na lile jambo likabaki na baba yangu. Watu wengine walijua, au walikisia, lakini nani angeanza kulisema? Mwanamke alikuwa ameshazoea kumchukia mumewe, na kila mtu akaona afadhali chuki kuliko kilio.

"Alikuja nayo hapa," mzee akasema, "akaniambia hawezi kulala nayo nyumba moja. Nikamwambia itupe. Akasema haiwezekani, ni nzima."

Nilimwuliza kama anakumbuka tangazo lenyewe. Alilisikia dukani Jumapili ile asubuhi, akalikumbuka kwa sababu ya mwisho wake. Alinisomea akiwa amefumba macho, na majina yote mahali pake. Nikaliandika nyuma ya ile karatasi ya baba.

Safari ya kurudi Nunguni nilikuwa na valvu mfukoni mwa koti, kifuani, na mkono wangu haukuiachia. Nilikuwa nikikumbuka mambo ambayo hayakuwahi kuwa na maana. Baba hakupita kamwe ile njia ya miguu ya upande wa Kilungu, alizunguka kwa barabara ya magari hata katika tope. Kazi zilizotoka ule mgongo wa mlima alinipa mimi niende. Na sheria yake moja aliyonifundisha kwa ukali kuliko zote ilikuwa hii: ukitoa kitu katika chombo cha mtu, kibovu ama kizima, mwekee mkononi mwake kabla hujaondoka. Nimeifuata maisha yangu yote. Nilidhani ni uaminifu wa kazi.

Nilifikiria kunyamaza. Ningeweza kuichomeka, kumpa redio yake, nikasema nimebahatika. Mama ana zaidi ya miaka themanini, binti ana wajukuu. Nilikaa na wazo hilo siku tatu dukani nikibadilisha kapasita, vile vijidude vya kutunza chaji, zilizokuwa zimekauka, kazi ya nusu siku. Nilipogundua kwamba nimeanza kusema moyoni, ngoja kwanza wahamie nyumba mpya, niliweka bisibisi chini. Hayo yalikuwa maneno ya baba.

Niliunganisha betri kumi ndogo za mraba mfululizo badala ya ile kubwa ambayo haipatikani tena, nikapanda.

Walikuwa wameshahama. Mama alikuwa ndani ya nyumba mpya iliyonuka rangi, binti yake ameketi karibu. Niliweka redio juu ya meza, lakini sikuichomeka valvu. Niliifungua ile karatasi nikamwekea mama valvu kwenye kiganja.

"Ni ile ile," nikasema. "Baba yangu aliitoa ikiwa nzima."

Aliigeuza katika mwanga wa dirisha. Ni kitu chepesi, hakizidi kidole gumba. "Nilijua ilikuwa nzima," akasema. "Ndiyo maana nikaituma kwenu."

Nikawaeleza yote, nikianza na Jumamosi ile. Sikumsitiri baba na sikumwongezea. Binti aliinuka nilipofika kwenye habari ya lori, akaenda mlangoni, akasimama ametugeuzia mgongo. Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu: lile tangazo lilisemaje?

Nilitoa karatasi, nikasoma kama lilivyosomwa, kwa majina ambayo hapa siyaandiki. Kwamba familia inasikitika kutangaza kifo cha fulani wa Kilungu, kilichotokea kazini. Kwamba alikuwa mume wa fulani wa Kilungu, na fulani wa Kambu. Kwamba mazishi yatangoja siku mbili. Kwamba habari zimfikie mke wake wa kwanza aliyeko Kilungu, aje amzike mumewe.

"Nilitajwa?" mama akauliza.

"Ulitajwa wa kwanza."

Alifumba kiganja juu ya valvu. Alisema, si kwangu wala kwa binti yake, "Nimemtukana mtu aliyekuwa mchangani."

Hapo binti aligeuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tena, na sina la kujitetea. Alikuwa amezeeka akijua baba yake alimkimbia.

Mama aliniambia niichomeke. Valvu za betri haziwaki kama zile za umeme. Uzi wake wa ndani haung'ai, huwezi kuangalia ukajua iko hai, lazima ungoje. Tulingoja. Kwanza mvumo, kisha mkwaruzo kama mtu anayefagia nyumba ya jirani. Nilizungusha kidude cha stesheni kutoka mwisho hadi mwisho. Stesheni za masafa yale ya zamani karibu zote zimefungwa. Sehemu moja palikuwa na sauti ya mwanamume, ya mbali sana, ikizama na kuibuka, katika lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Nilitaka kuzima. Mama akanizuia kwa mkono, akasikiliza hadi ilipopotea.

Wiki ya pili yake tulienda Kambu, mama, binti, na mimi, kwa sababu mama alisema lazima niwepo. Kumpata mtu hakukuwa kazi. Kwa jina la marehemu, muuza matikiti wa kando ya barabara alituelekeza shamba lenyewe. Mke wa pili alikuwa ameshakufa. Yupo mwanawe, mzee anayenizidi miaka michache, mkulima wa pojo, mrefu, na alipotoka nje kutupokea nilisikia binti akivuta pumzi kwa nguvu. Walifanana taya na macho.

Mama alijitaja. Yule mwanamume alivua kofia yake. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama yangu aliwangojea siku mbili. Aliishi akisema nyinyi mlikataa kuja."

Mimi ndiye niliyemjibu, nikiwa nimesimama uani kwao, nikamweleza baba yangu alifanya nini. Alinisikiliza hadi mwisho. Alimgeukia mama, akampa mkono wake, akamwongoza taratibu nyuma ya nyumba.

Kaburi halikuwa na msalaba. Palikuwa na mstari wa mawe na mimea ya mkonge kichwani, na pojo zilikuwa zimelimwa pande zote zikapaacha. Mama aliomba stuli, akaketi, akaomba tumwache. Tulirudi nyuma hadi kwenye ua. Tulimwona midomo ikienda, kwa muda mrefu, na upepo wa huko ni wa joto na unachukua kila kitu, hatukusikia hata neno.

Binti na yule ndugu yake walisimama kando kando bila kujua waanzie wapi. Mwishowe binti ndiye aliyeuliza.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Ndugu yake alifikiri. Aliona haya, nadhani, kwamba hana kikubwa cha kumpa. "Nilikuwa na miaka minne," akasema. "Nakumbuka alinuka lami. Akinibeba nilikuwa nanusa lami kwenye shingo yake. Hilo tu."

Binti alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa kitu mkononi.

Mama bado yuko nasi. Huniita wakati mwingine nimbadilishie betri, na mimi huenda, sasa kwa ile njia ya miguu. Binti yake bado huuza matunda sokoni mbele ya duka langu. Siku nyingine hunisalimia, tukaongea habari za mvua na bei ya plamu. Siku nyingine hupita akiangalia mbele, na mimi huinamia kazi yangu nikamwacha apite.